Kitambaa cha Mama Simu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijashika mkasi, maana nikishakata hakuna kurudi nyuma, na nisipokata naona ndiyo nitajuta zaidi.

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba kimoja kinachotazama barabara, na ukweli niuseme tu, mtaani wananiita Fundi Kesho, wala sikasiriki, jina limenifaa. Labda hujui mambo yetu mafundi, ngoja nikueleze: mteja akileta kitambaa, jambo la kwanza unakikata, hata kama huna mpango wa kukishona mwezi huo, kwa sababu kikishakatwa hawezi tena kukibeba kupeleka kwa mwingine, amekwama na wewe, basi hapo ndipo unaanza njoo kesho, na akija unamwonyesha mkono mmoja ulioshonwa ili apoe, halafu unamwambia tena kesho. Nimeishi hivyo miaka mingi, chumba kimejaa mikono isiyo na shati na sketi zisizo na kiuno, na mimi mwenyewe nilikuwa vivyo hivyo, naamka nikingoja siku fulani ya maana, hii ya leo naipitisha tu ili iishe.

Ndipo akaja Mama Simu. Ni mtu mzima, kampita hata mama yangu kwa umri, mstaafu, alikuwa akipokea simu katika hospitali, ile kazi ya kuwaunganisha watu na wodi na madaktari, na mpaka leo mtu akimwingilia maneno anamwambia, "Subiri kwenye laini." Alileta gauni lenye zipu iliyokufa. Nikamwambia njoo kesho. Akaja, nikamwambia kesho. Siku iliyofuata akaja na kigoda chake mwenyewe, akakiweka mlangoni, akakaa, akasema, "Ile kesho yako nimekuja nayo, hii hapa. Shona." Nikacheka, yeye hakucheka. Alikaa mpaka zipu ikapanda na kushuka, akachukua gauni lake akaenda, nikafikiri yamekwisha, kumbe asubuhi yake huyo karudi, hana cha kushonesha, kakaa tu palepale, na tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake.

Usidhani ni mtu wa kunipa mawaidha, mshauri. Hana mawaidha kabisa. Anawasengenya wapita njia, anabishana na redio, anakunywa chai yenye sukari ambayo daktari kamkataza. Ila jua likianza kupungua ananiuliza, "Leo umemaliza nini?" nami sharti nimwonyeshe kitu kilichokwisha, hata kama ni shati la shule lililokuwa limebaki vifungo tu, tunalitundika mlangoni, tunalitazama, naye atasema "limekaa" au atasema "kola imepinda kama mdomo wa mke mwenza," tunakunywa chai, basi. Sijui kwa nini jambo dogo namna hiyo limenigeuza, lakini nilianza kushona ili jioni niwe na cha kumwonyesha, wateja wakaanza kushangaa, na siku zikaanza kuwa na sura, sasa nazikumbuka moja moja, ile ya shati la kijani, ile ya mapazia ya kinyozi, ile tuliyofumua suruali nzima tukaanza upya. Nampenda yule mama, niseme wazi.

Sasa shida ni hii. Mama Simu ameniletea kitambaa alichopewa na wenzake kazini siku ya kustaafu, hariri nzito ya zambarau, alikifungia sandukuni akingoja siku kubwa, binti yake akaolewa, akaona haijawa kubwa ya kutosha, mjukuu akazaliwa, akaona bado, na sasa anataka nimshonee gauni lenye kola na mifuko miwili. Nikamuuliza, la kwendea wapi? Akasema, "La kuja hapa." Nikampima, akaenda zake kafurahi. Sijui habari zilifikaje, lakini kesho yake binti akanipigia simu. "Dada fundi, nakuheshimu sana," akasema, "lakini kile kitambaa ni cha harusi ya mwanangu." Na huyo mwanawe, mshauri, mchumba mwenyewe hajapatikana. "Mama moyo wake si mzima, mambo mengine anayasema tu. Wewe si unajua kusema kesho? Mwambie kesho, kesho, atasahau. Ukikikata nitajua huko hana mtu wa kumwangalia, nitamchukua akae kwangu." Kwake ni mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Nikasema sawa.

Kwa hiyo nimerudia ujuzi wangu wa zamani. Mara uzi wa rangi yake umekosekana, mara sindano imevunjika, mara kuna sare za watu zina haraka. Hakusahau hata kidogo. Aliuliza kila alipokuja, na siku hizi anafika akihema, nikichungulia namwona amesimama njiani ameshika ukuta. Lakini wiki hii ameacha kuuliza. Anakaa, anauliza leo nimemaliza nini, nikimwonyesha anasema limekaa, kitambaa chake hakitaji, na macho yake hayaendi kabisa kwenye rafu nilipokiweka. Hilo ndilo limeninyima raha. Nikishona, nitanyang'anywa rafiki nibaki na kigoda, na nisiposhona namzungusha mtu pekee aliyewahi kunikomesha kuzungusha watu. Nifanyeje? Safu yako naisoma kwenye magazeti ninayokatia umbo la kola kabla ya kugusa kitambaa, nisamehe, ila nakusoma kwanza ndipo nakukata. Nakungoja. Sitashika mkasi mpaka nilione jibu lako.

Fundi Kesho

*

Fundi,

Pole. Haya, pole imekwisha, sasa tuongee.

Wateja wako wote uliwakatia vitambaa mapema ili wasikuponyoke. Huyu mmoja humkatii, na sababu ni ileile. Ujanja haujabadilika, umegeuza upande tu. Wala usiniambie unaulinda moyo wake, hariri haijawahi kumzidishia mtu maradhi. Unajilinda wewe, usije ukabaki na kigoda kitupu. Sikulaumu kwa kuogopa hivyo, hata mimi ningeogopa, lakini tuite jambo kwa jina lake.

Halafu eti unamzungusha na hajui. Mwanamke aliyekaa kwenye simu za hospitali tangu ujana wake, akiwasikia watu wakiambiwa daktari ametoka, piga baadaye, wewe unadhani hatambui sauti ya anayedanganya? Fundi, acha mzaha. Hakusahau, ameelewa. Ameacha kuuliza ili akupunguzie kazi ya kutunga uongo kila siku. Amekustahi, na wewe umekaa kimya ukaupokea ustahi huo wakati kitambaa chake kiko rafuni. Ona aibu kidogo, itakusaidia.

Binti yake usimfanye adui. Naye anaogopa. Maadamu kitambaa kiko kizima, kinangoja harusi ambayo bwana harusi wake hajulikani, basi anajiambia mama naye atakuwepo kukivaa au kukikabidhi. Namhurumia sana. Lakini kitambaa si chake. Alipewa mama yake kwa jasho lake, na mama yake akili zake ziko sawasawa, kasema gauni, kola, mifuko miwili. Mteja akishasema hivyo fundi anashona, sikujua kama hili nalo linahitaji mshauri.

Fanya hivi. Akifika leo, mpime upya. Vile vipimo vya mwanzo usivitegemee, mtu anayeshika ukuta njiani mwili wake umepungua. Mwombe radhi kwa maneno machache na usimlilie, asije akaanza kukubembeleza wewe. Kata mbele yake. Ukishakata, wala si kabla, mpigie binti umwambie kwa mdomo wako: nimekata, mama ameniagiza, sikuweza kumdanganya tena. Atafoka. Mwache afoke mpaka achoke. Kisha mweleze jinsi mama yake anavyohema, maana katika barua yote sikuona mahali ulipomwambia hilo, na hilo ndilo alilostahili kulijua kuliko habari za hariri. Wewe na yeye mmegombania kitambaa, mgonjwa mmemsahau. Ampeleke kwa daktari wiki hii, na akishindwa kufika haraka, funga duka umpeleke wewe. Mwambie pia aje siku ya kulijaribu gauni. Akimwona mama yake kwenye kioo amevaa, huenda akanyamaza, na huenda asinyamaze.

Na ikiwa atamchukua, amchukue, ni mama yake. Utapanda basi uende kumwona. Mtu aliyekalia kigoda mlangoni kwako kwa ajili ya zipu anastahili ukae kutwa nzima kwenye basi kwa ajili yake. Utabeba kitu ulichomaliza, umwonyeshe.

Neno la mwisho. Umeandika kwamba hutashika mkasi mpaka ulione jibu langu. Tangu barua yako itoke mikononi mwako mpaka ukurasa huu uchapwe, zimepita siku ngapi, na kila moja yule mama ameitembea akihema mpaka mlangoni kwako? Nami umenifanya kesho yako. Basi nimefika, niko hapa mbele yako. Gazeti hili upana wake unatosha kola. Likate, halafu chukua kitambaa rafuni, maana jioni atakuuliza leo umemaliza nini.