Koko Alitaka Kusimulia, Mimi Nikataka Konsonanti

Jumapili, Kitengela. Upepo umeamka na vumbi, nguo nilizoanika zimerudi ndani chafu kuliko zilivyotoka. Mimi mwenyewe siko sawa.

Leo nimemliza mama.

Miaka michache iliyopita nilikuwa naandika tasnifu kuhusu sonoranti za Kimaa, lugha ya Wamaasai. Kwa asiyezijua: p, t na k huzuia pumzi ghafla, lakini m, n, l, r, w na y huiachia njia, na sauti inaendelea kutoka; hizo ndizo sonoranti. Kisha unazipanga: hii hupitia puani, hii pembeni mwa ulimi, hii ulimi hutetema. Kimaa kina r mbili, nyepesi na nzito, nami nilizitaka zote safi kabisa. Nikaenda Kajiado kwa koko, nyanya yangu mzaa mama.

Kanuni yangu ilikuwa moja: kila neno mara tatu, peke yake. Koko hakuiweza. Nikimpa neno la mvua, anataka kuniambia mvua ya mwaka gani.

"Hii inanikumbusha siku mama yako alizaliwa," alisema akicheka. "Tulikuwa tunahama na ng'ombe..."

"Koko, tafadhali. Neno tu."

"Kwani uko na haraka ya wapi?"

Nikazima simu niliyokuwa nikimrekodia. Aliponyamaza nikaiwasha tena. Nilijiona mtafiti kwelikweli.

Koko alituacha mwaka jana.

Leo baada ya kanisa mama amekuja kumsikiliza mamake. Anajua alizaliwa njiani, wakihama. Hajui wapi, wala nani alimpokea, na waliojua wote wameshaondoka. Nikamwekea zile rekodi. Mvua, mvua, mvua. Maziwa, maziwa, maziwa. Sauti ni safi, unasikia hata koko akivuta pumzi. Mama amesikiliza maneno yote, kichwa ameinamisha.

"Haya," akasema. "Sasa weka ile anaongea."

Hakuna.

Alilia kidogo, akafuta macho kwa leso, akanishukuru hata hivyo. Hiyo shukrani ndiyo imenimaliza. Tasnifu ilipita vizuri, na leo naona haya hata kuitaja.

Kuna jambo sikumwambia. Anadhani koko hakuwahi kunigusia habari ya kuzaliwa kwake. Hajui kwamba alikuwa ameshaanza, na kwamba mimi ndiye niliyemkatiza.

Kesho nitampigia nimwambie, kabla hajasoma hapa. Nitaanzaje?