Ncha ya Sindano Niliyoificha

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi, nimeshikwa na hofu ambayo siwezi kumwambia mtu. Mimi ni fundi cherehani, nashona kwa shangazi yangu mwaka wa tisa sasa, na tangu mwaka juzi kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinaniuma chini ya kucha, mahali padogo kama kichwa cha pini, kikiguswa na maji baridi naona nyota, hata kitambaa kikipita juu yake machozi yananitoka, mpaka nashona nimevaa glovu, na wenzangu wamenibandika jina la Bibi Glovu. Daktari alinipima kwa ultrasaundi akaona kiuvimbe, akasema vya namna hii kwa kawaida si saratani na hutolewa kwa ganzi, ila kwanza, Alhamisi hii, niingie kwenye mashine ya MRI waone kimekaa wapi hasa. Siku ya kuandikishwa shangazi alinisindikiza, na dada wa mapokezi akaniuliza, "Umewahi kuingiwa na chuma mwilini, hata kipande kidogo?" Shangazi ananitazama, nikasema hapana.

Mshauri, nilidanganya. Kwetu sindano ikivunjika unasimamisha kazi, unatafuta vipande vyote, unavibandika kwa selotepu kwenye daftari la shangazi, na kimoja kikikosekana nguo haitoki. Miaka minne iliyopita sindano ilinitoboa kidole hichohicho ikavunjika, gauni la bibi harusi linasubiriwa mlangoni, ncha sikuiona, basi nikavunja sindano nyingine kuukuu nikabandika ncha yake. Shangazi akanisifu kwa uangalifu. Sasa naogopa ile ncha imo kidoleni, na nasikia mashine hiyo ina sumaku kali, itaichomoa kupitia kucha? Na nikisema ukweli, huyu aliyenilea atanionaje? Nafikiria nisiende kabisa.

Bibi Glovu

Bibi Glovu,

Pole kwa maumivu, na pole kwa kubeba siri hiyo peke yako miaka minne. Lakini nikukemee kidogo. Bidii uliyoitumia kuvunja sindano nzima ili ufiche iliyovunjika ingetosha kabisa kusema "sijaiona". Haya, yamepita.

Ulichomficha shangazi ni aibu, ulichomficha dada wa mapokezi ni hatari. Hakuuliza kwa udaku. Sumaku ile inaweza kusogeza chuma au kukipasha moto ndani ya nyama, kwa hiyo hofu yako si ya kijinga. Wakijua, watakupiga eksirei ya kidole kwanza, chuma kikiwepo kitaonekana, kisha daktari ataamua kama utaingia kwenye MRI au watumie njia nyingine. Huenda hakuna kitu humo. Mimi sijui, wewe hujui, na kukimbia hakutatuambia. Kiuvimbe nacho hakiondoki kwa kununiwa, utaendelea kulia kila ukifua.

Shangazi mwambie mwenyewe, asisikie kwa mtu. Atafoka, na ana haki. Mwache afoke, usijitetee.

Ila hospitali ndiyo kwanza, na usingoje Alhamisi. Nenda kesho asubuhi, peke yako, mwambie yule dada: "Nilikujibu uongo, huenda nina ncha ya sindano kidoleni." Sauti ikikukatikia, mpe gazeti hili asome.