Jina la Fotio

Ruashi, 9 Februari 2025

Mwanangu Aristote,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku Lubumbashi tu wazima, ila matope yametuzidi. Baridi ya Ugiriki inakuachia upumue?

Mke wako amejifungua salama, mtoto wa kiume. Syntiche anasema umeagiza aitwe Fotio. Ala! Mjukuu wa kwanza kwetu huchukua jina la babu. Tena Fotio, patriarka yule wa Konstantinopoli! Mimi katekista, mapadri walinifundisha kwamba ndiye aliyepasua Kanisa. Ulipohamia kwa Waorthodoksi nilimeza. Hili halimezeki. Mwite Adalbert.

Baba yako

Thesaloniki, 20 Februari 2025

Baba mpendwa,

Jambo Baba. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, masomo ndiyo yananitoa jasho.

Mtoto alizaliwa tarehe sita, sikukuu ya Fotio, ndiyo maana. Alifukuzwa kitini mara mbili, akafia uhamishoni, na leo, karne kumi na moja baadaye, watu hapa wanapanga foleni kubusu picha yake. Wanamwita Mkuu. Nami niko mbali na kwetu, nampenda kwa hilo. Jina sibadilishi. Nakuomba tu usimchukie mtoto.

Mwanao Aristote

Ruashi, 3 Novemba 2025

Mwanangu,

Pole sana. Dada yako Mado ndiye aliyekupigia simu; mimi nakuandikia.

Malaria iliwaangusha wote wawili, mtoto na mama yake. Mtoto alipotuacha Alhamisi, Syntiche alikuwa bado kitandani hospitalini, hakufika makaburini. Nimemlaza karibu na marehemu mama yako. Seremala akaniuliza jina la kuandika msalabani. Nikawaza, mama yako atampokeaje mjukuu mwenye jina asilolijua? Nikamwambia Adalbert. Usikasirike, sikumchukia. Nilimpenda mno.

Baba yako

Thesaloniki, 12 Novemba 2025

Baba,

Sikuulizi hali leo.

Syntiche ametoka hospitalini, akaenda makaburini peke yake bila kukuaga. Alisoma msalaba mmoja baada ya mwingine mpaka mvua ikamkuta. Akanipigia analia: “Aristote, mutoto wangu banamuweka wapi? Simuone!” Mimi nilijua, na nilishindwa kumwambia kwamba amempita. Baba, umemnyang'anya mwanangu jina lake hata pale. Mpeleke wewe, umweleze kwa kinywa chako.

Aristote

Ruashi, 16 Novemba 2025

Mwanangu Aristote,

Natumaini u mzima.

Nilimpeleka. Nilibeba rangi nyeusi na brashi, nikamweleza yote pale pale. Alininyoshea mkono. Kisha akasema, “Lete, Baba. Weye usimuguse tena.” Akafuta jina langu, akaandika Fotio mwenyewe, na rangi ikamchafulia kanga yote. Jioni alifunga mizigo akarudi kwao Kipushi. Mado alimsindikiza; mimi hakuniaga.

Nimemkosea yeye, na wewe, na mtoto. Simu yako hailii tangu juzi. Niandikie, mwanangu, hata kama ni matusi.

Baba yako, Adalbert