Dawa ya Kumi na Saba

Muriba, Tarime
3 Aprili 2024

Irine mwanangu,

Hujambo huko Morogoro? Sisi tu wazima, ila kahawa ndiyo inakufa. Buni zinaoza zikiwa bado mbichi, zinakuwa nyeusi na kukaukia matawini. Dawa ya dukani tumepuliza mara tatu, ukungu umeizoea. Baba yako anataka kukata shamba lote apande mahindi, na miti ile aliachiwa na babu yako. Wewe ndiye unayetengeneza dawa maabara. Tusaidie.

Mama yako

Morogoro
19 Aprili 2024

Shikamoo mama,

Mimi sijambo, nimechoka tu. Tumeshaunda dawa kumi na sita, zote zimeshindwa. Ya kumi na saba inaua ukungu kabisa, lakini inaunguza majani ya miche. Nikipunguza ukali, ukungu unarudi. Hairuhusiwi kutoka maabara. Baba avumilie msimu huu. Aje aniletee buni zilizougua, nizifanyie majaribio.

Binti yako, Irine

Ujumbe wa simu, 27 Mei 2024

Irine,

Hujambo? Huku si salama. Baba yako alirudi kutoka kwako na chupa. Anasema aliiba ulipotoka nje. Jumamosi alipulizia shamba lote, upepo ukamrudishia usoni. Majani yameungua. Yeye amelazwa Tarime, macho yamevimba, haoni. Daktari anamuuliza ni dawa gani, amenyamaza. Mimi ameninong'oneza, "Nikiitaja, mtoto atafukuzwa kazi."

Nakupigia hupokei. Niambie imetengenezwa na nini.

Mama yako

Ujumbe wa simu, 28 Mei 2024

Shikamoo mama,

Simu zako niliziona zote, nikaogopa. Leo asubuhi nimempigia daktari, nimemtajia kila kilichomo. Kisha nimekwenda kwa mkuu wangu nikamweleza. Nimesimamishwa kazi.

Mama, baba hakuiba. Alikaa kwenye kiti changu akalia kama aliyefiwa, nikampa chupa kwa mkono wangu. Nilimwambia miti mitatu tu. Niambie kama anaona.

Irine

Muriba, Tarime
30 Juni 2024

Irine mwanangu,

Natumaini unakula. Baba yako ametoka hospitali. Jicho la kulia linaona kidogo, la kushoto basi tena. Kahawa tumeikata yote, mimi ndiye niliyeshika panga.

Nilikukasirikia, ndiyo maana mwezi umepita sijaandika. Sasa njoo nyumbani. Ila usimwombe msamaha kwa habari ya chupa. Watu wa ofisini kwenu walikuja kumhoji, wakamsomea maneno yako. Aliwaambia unamtetea baba yako tu, na kwamba chupa aliiba yeye mwenyewe, ili wasikufukuze.

Mama yako