Marehemu wa Majaribio

Salha uko wapi?? Elisha wetu wa kompyuta kamuua mama yake.

Hapana, mama mzima! Sikiliza kwanza.

Si unajua kanzidata ya chama chetu cha kuzikana, ukitafuta jina halitokei, na meseji za msiba haziendi? Leo Elisha kairekebisha. Ili ajaribu, akamwandika mama yake kuwa marehemu. Mama yake mzazi!

Meseji zikaenda. Kwa wanachama wote.

Huko Miyuji, nyumbani kwa mama, watu wakafunga turubai. Mama anatoka shambani, anakuta wanawake wanalia uani kwake, naye akaangua kilio. Alilia kweli, Salha, ndipo akauliza, "Tumempoteza nani?"

Wakamwonyesha meseji yenye jina lake.

Elisha akafika, akapiga magoti. "Nilikuwa najaribu tu, mama."

"Katika majina yote yale, mwanangu, ukaona wa kufa ni mimi?"