Fomu ya Mafao na Kalamu Nyekundu

Baba Ester,

~~Leo ujipikie.~~ Maharage yapo jikoni, yaunge tu. Mawingu yakishuka mlimani, anua nguo.

Nimeenda mjini kuchukua fomu nyingine ya mafao ya kustaafu. Ile niliyokuachia jana uangalie kama nimejaza sawasawa, asubuhi nimeikuta ina vema za wino mwekundu karibu kila mstari, na juu umeandika 9/10! Mwalimu, ile ni fomu ya serikali, siyo daftari la darasa la nne. Na mwisho wa kuirudisha ni leo. Wewe ulishaondoka kwenda shuleni, hata wa kumgombeza sikupata.

Nikaitafuta hiyo moja niliyokosa. Kumbe umenipa kosa kwenye wategemezi: nimeandika watoto wote, hadi mdogo wangu Devotha wa Gairo, wewe humo. Miaka thelathini na moja ya ndoa! Si ungesema tu, mume wangu?

Kwenye fomu mpya nakuandika wa kwanza. Kalamu yako nyekundu nimeondoka nayo. Kumi yangu utanipa kwa mdomo.

Mama Ester