Kiti Kilichoegemezwa Kina Mwenyewe

Mutuini, Nairobi

Kaka yangu Mwakio,

Nakuamkia kutoka kwenye baridi ya huku, nikitumaini kwamba mguu wako umepoa na kwamba umerudi kukipanda kilima cha kanisani bila fimbo. Wifi yangu je, kifua kimemwachia? Na ile mihogo ya shamba la juu, nyani wametubakizia kidogo? Mimi ni mzima. Magoti hulalamika asubuhi, lakini yakishapata chai hunyamaza. Chumba changu hakivuji, na sukuma wiki nimeipanda mwenyewe kando ya ukuta.

Sasa tuje kwenye lako. Mghoi alinipigia simu, nikajua mara moja kwamba umekaa ubavuni mwake ukimlisha maneno, kwa kuwa wewe mwenyewe ulikuwa na hasira hata ukashindwa kuzungumza nami. Mtoto wa watu sauti ilimtetemeka. "Shangazi, Baba anasema uchague. Uape mbele ya ukoo kwamba umeacha kamari, au usije kwenye ukumbusho wa Bibi." Nikamwambia amjulishe baba yake kwamba nitamwandikia. Nikakusikia ukiguna.

Basi ninaandika, na naanza na jibu ili usihangaike kulitafuta: siapi. Na kwenye ukumbusho wa Mama nitakuja.

Lakini unanijua. Nimefundisha hesabu tangu nikiwa msichana mpaka nikastaafu, na sijawahi kumpa mtu jibu bila kumwonyesha njia. Kwa hiyo vaa miwani, mwambie wifi akuletee uji, unisikilize.

Walikuambia kwamba nacheza kamari kwenye kasino ya mjini, ukadhani nimesimama kwenye meza ya gurudumu la kuzungusha nikipiga mayowe. La. Mimi hucheza mashine ya poka. Ni kioo kama cha televisheni ndogo. Kinakugawia karata tano. Wewe unatazama, unaamua zipi uzishike na zipi uzitupe, kisha kinakupa nyingine badala ya zile ulizotupa. Ukipata jozi ya jeki, umerudishiwa ulichoweka. Ukipata karata tano za aina moja, tuseme kopa tupu, unalipwa zaidi. Ukipata tatu zinazofanana pamoja na jozi, ambayo wenyewe huiita fulhausi, zaidi tena. Na juu ya kioo pana ubao unaoonyesha wazi kila mkono unalipa nini. Ukiwa na ubao huo na kichwa chako, unaweza kukokotoa mashine inakula kiasi gani katika kila unachoitilia.

Inakula, Kaka. Sikufichi. Asiyejua kwamba inakula asiiguse. Na nimewaona vijana wa huku waliouza hata godoro kwa ajili ya michezo ya kwenye simu, kwa hiyo usinihubirie kana kwamba mimi ni kipofu. Mimi huenda Jumatano mchana na kile nilichokifunga kwenye leso. Kikiisha, narudi nyumbani kupika.

Utauliza, kama inakula, unafuata nini? Wajukuu zangu ni watoto wema. Nikiwatembelea wananipa kiti kizuri, wananipa chai, wananifunika shuka miguuni. Hakuna hata mmoja anayenipa swali. Tangu nistaafu, mashine ile ndiyo pekee inayoniuliza: una hizi tano, utafanyaje? Na nikikosea hainionei huruma kwa ajili ya mvi zangu.

Sasa nikuambie watu wa mashine zile wanataka nini, maana hata wenye kasino hawajui. Wao hudhani tunataka taa na muziki. Unaijua mizani ya mchinjaji? Pale Dagoretti, karibu na machinjio, nina mwuza nyama wangu. Najua anapata faida kwangu, na ni haki yake, ana watoto. Ninachotaka ni kimoja tu: mizani iniangalie mimi. Siku atakapoigeuza ielekee ukutani, hata akinipunguzia bei, sinunui. Nasi tunataka hivyo hivyo. Tuliwe polepole, na tuliwe kwa uwazi.

Hivi majuzi mizani iligeuzwa.

Nilikuwa nimekaa kwenye safu yetu, nyuma ya nguzo. Kushoto kwangu alikuwa mwenye nyumba wangu, Mzee Kamau, mwenyeji wa hapa Mutuini ambaye ndiye aliyenipeleka kule mara ya kwanza. Kulia alikuwa Nekesa, nesi mstaafu, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika barabara ya pili. Nikapata fulhausi. Nikatazama malipo, nikaona hapana, haya si yenyewe. Fulhausi hulipa tisa kwa moja, nimelipwa nane. Nikainua macho kwenye ubao. Tisa imekuwa nane. Chini yake, pale pa aina moja, sita imekuwa tano. Rangi ni zile zile, maandishi yale yale, na hakuna aliyetuambia neno.

Nikamwita Purity, binti anayehudumia safu yetu.

"Shosho, ni sistimu tu imebadilishwa," akasema. "Wewe cheza. Hata hautafeel tofauti."

"Nimeshaisikia, mwanangu. Ndiyo maana nimekuita."

Mzee Kamau akaivua kofia. "Mwalimu, kwani hiyo moja ni kitu gani?"

Nikamweleza. Malipo hayo mawili ndiyo yanayotushikilia kwenye kiti. Ukiyapunguza, mashine inatumaliza kwa kasi inayozidi mara mbili ile ya mwanzo. Ni kama mpangaji ambaye kila mwezi anakuletea kodi yote kasoro kidogo, na kila mwezi anakusalimu vizuri.

"Ai!" Mzee akaruka. Mfano wa kodi ulimwingia kuliko hesabu yote. "Hawa watu tukinyamaza watatukula mpaka viatu!"

Meneja akaja. Ni kijana mgeni pale, suti imembana, ana haraka. Nilimweleza kwa upole, hatua kwa hatua, kama ninavyokueleza wewe. Akatabasamu lile tabasamu wanalowapa wazee.

"Mathe, hii ni gemu ya bahati. Hapa si darasani."

"Kama si darasani," nikamwambia, "mbona umefuta majibu ubaoni?"

Nekesa akaangua kicheko chake. Watu wa gurudumu wakageuka.

Sasa hapa, Kaka, lazima nikufundishe desturi ya mle ndani, maana mambo yote yaligeukia hapo. Mchezaji akitaka kwenda chooni, au kula, au kupokea simu, hukiinamisha kiti chake mbele mpaka maegemeo yaiguse mashine. Kiti kilichoegemezwa kina mwenyewe. Hakuna anayekikalia, hakuna anayekigusa, hata awe tajiri namna gani. Si sisi tulioanzisha. Wenye kasino ndio walioileta, na akina Purity ndio walinzi wake. Ukijaribu kukaa watakuambia, "Pole, hapa kuna mtu."

Nikasimama. Nikakiegemeza kiti changu. Mzee Kamau akanitazama, akakitazama kiti, akacheka puani, akaegemeza chake. Nekesa akaegemeza chake. Habari ikatambaa safu nzima, na kabla meneja hajajua kinachoendelea, viti vyote vya mashine za poka vilikuwa vimeinama kama waumini. Sisi tukaenda kukaa kwenye makochi ya ukutani, tukaagiza chai ambayo kasino hutoa bure.

Tulikunywa chai, Kaka! Nekesa aliomba sukari mara nyingi hivi kwamba Purity alikuwa akigeuza uso ukutani ili acheke. Wageni waliingia, wakaja kwenye mashine, wakaambiwa, "Pole, hapa kuna mtu." "Yuko wapi?" "Anakunywa chai." Jumatano iliyofuata tukaja tena. Tukaegemeza viti, tukanywa chai.

Hapo meneja akakosea kosa ambalo mtu aliyezoea mahali pale asingelikosea. Alikishika kiti cha Mzee Kamau kwa mikono yake mwenyewe akakiinua, mbele ya watu. Sisi tulibaki na vikombe vyetu. Waliopiga kelele ni watu wa gurudumu, wasiotujua wala kutujali.

"Wewe! Hicho kiti kina mwenyewe!"

"Ukigusa cha mzee, kesho utagusa changu!"

"Rudisha bwana, rudisha!"

Jamaa mmoja mnene akaacha mchezo wake, akakiendea kiti, akakiegemeza upya, akampigia Mzee Kamau saluti. Meneja akabaki na mikono hewani. Angewezaje? Sheria ile ndiyo iliyokuwa ikiwatunzia viti hata wachezaji wake wakubwa. Akiivunja kwetu, imevunjika kwa wote.

Akaniita ofisini. Akanipa kiti, akanipa soda, akashusha sauti. Akasema wataniwekea mashine moja, ya kwangu peke yangu, yenye ubao wa zamani, na chakula cha mchana kila nikija. Mimi niwaambie tu wenzangu wakae.

"Na Mzee Kamau je?"

"Mathe, yeye hata hajui tofauti."

Nikamwambia, "Mwanangu, nimesahihisha mitihani ya maelfu ya watoto. Sijawahi kumpa mtoto mmoja alama kwa sababu alijua kuidai, nikamnyima mwenzake kwa sababu hakujua. Hesabu iliyo kweli kwangu na uongo kwa Kamau si hesabu." Nikaiacha soda mezani nikatoka.

Leo hali iko hivi. Mashine za upande wa dirishani zimerudishiwa ubao wa zamani, na pamebandikwa karatasi inayosema kwamba ubao ukibadilishwa tutaambiwa kwanza. Mashine za upande wa ukutani bado. Kwa hiyo tunapokezana za dirishani, na viti vya ukutani vimeegemezwa vyote. Hakuna anayevikalia. Meneja anatuita wakaidi. Nekesa amemwambia kwamba ukaidi tunao wa kutosha, akitaka tumwongezee.

Sasa nirudi kwako, Kaka yangu.

Nimekutii katika mengi. Lakini unaniambia niape mbele ya ukoo, kana kwamba nimeiba au nimetupa mtoto. Mimi silali na njaa, sikopi, wala sijamwomba mtu nauli. Ninachokula na kinachonila nakijua. Na wewe je? Kila mwaka unafukia mbegu nzuri ardhini, unaangalia juu, unasubiri. Miaka mingapi nyani na ukame vimekuacha na mabua? Sikukuita mcheza kamari. Na mvua ya kwetu, Kaka, haijawahi kubandika ubao wa malipo.

Siku nitakayoona mashine imenishika badala ya mimi kuishika, nitaacha, na hutahitaji kuniapisha. Lakini sitaapa kwa kuogopa macho ya watu. Mama asingetaka hivyo. Unakumbuka alivyokuwa akitupimia kimanga cha mihogo na maharagwe, mwiko kwa mwiko, sahani zote mezani, kila mtoto akiona cha mwenzake? Alituzoesha kutazama mkono wa mgawaji. Mimi bado nautazama.

Wasalimie kwa upendo. Mwambie wifi nimemnunulia mafuta ya kuchua kifua na nitayaleta mwenyewe. Mwambie Mghoi asiogope tena kunipigia, simkasirikii mjumbe. Msalimie jirani yetu anayeniangalizia kipande changu cha shamba, na umwambie mihogo atakayoivuna ale. Na yule katekista aliyeniombea kwa jina mbele ya kanisa zima, mpe salamu za pekee. Mwambie nimeyasikia maombi yake mpaka Nairobi, na mara nyingine anitaje kwa sauti ya chini.

Siku ya ukumbusho mtapanga meza ile ndefu ya Mama uani, kama kila mara. Nafasi yangu ni ile ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni, pale nilipokaa tangu utotoni. Kama basi litachelewa, au kama hasira zako zitakuwa bado hazijashuka, sikuombi uniite wala unitetee. Nakuomba kitu kimoja tu, ambacho hata wageni wa mjini walimfanyia mzee wasiyemjua. Kishike kiti changu, kiinamishe mbele, maegemeo yaiguse meza. Mtu akija kukikalia, mwambie pole, hapa kuna mtu.

Ni mimi mdogo wako, niliye njiani,

Wakesho